Vikombe vya mazingaombwe vinaota kijani na kimoja mdomo umebonyea, mnatunzaje vyenu hapa Dar?

Kiinimacho_Sinza

Wakuu habari za jioni. Najua humu wengi ni watu wa karata na sarafu ila naamini wa vikombe na vimpira (ule mchezo wa vimpira kupotea na kutokea chini ya vikombe vitatu) mpo pia, mjitokeze.

Nina seti ya vikombe vitatu vya shaba nyekundu, vile vizito vyenye pindo mdomoni na mstari wa pili uliovimba juu kidogo yake, nililetewa kutoka nje. Navipigia kazi Coco Beach wikiendi na kwenye bethdei za watoto. Vilikuja vinang'aa mpaka unajiona meno. Sasa hivi nje vyote vimeshakuwa kahawia na alama za vidole, hilo wala halininyimi usingizi, kinachonikera ni kule kwenye kona ya pindo la mdomo kuna kijani kimeanza, ni unga unga hivi, nikifuta na kidole unatoka, baada ya siku mbili tatu upo tena pale pale kama sijafanya kitu.

La pili, kimoja mdomo umebonyea. Begi lilikuwa chini kwenye daladala abiria mmoja akaliwekea mzigo wake juu, sijui alibeba tofali. Mtazamaji hawezi kuona ila mimi najua, nikikiinamisha mezani kinacheza, na nikikidumbukiza ndani ya mwenzake kinakwama katikati badala ya kushuka chenyewe na ule mlio wake.

La tatu vimpira. Ni vya kufuma, vyekundu, sasa vinaelekea kuwa vyeusi.

Naomba mnisaidie: nisafishe na nini, kubonyea nipeleke kwa fundi wa aina gani, na mnahifadhi vipi vitu hivi na hili joto letu na huu unyevu. Video za kina Mzungu nimeangalia sana, wanasema weka sehemu kavu isiyo na joto, sasa hiyo sehemu Dar iko wapi jamani 😂

Mchikichini_Boy

Ndimu na chumvi mkuu. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi, sugua, dakika tu inarudi mpya. Masinia ya shaba ya bibi yetu yote yalikuwa yanasuguliwa hivyo siku ya mkesha wa Idi, ukikosa ndimu unatumia ukwaju. Hela ya ndimu tu, usisumbuke na madawa ya dukani.

Mzee_GaliGali

Marahaba kwa wote mtakaoamkia, niko na miwani mipya leo kwahiyo nitaandika kirefu.

Kijana wa Mchikichini hajadanganya ila sentensi hajaimalizia. Asidi ya ndimu ikishirikiana na chumvi inakula ile ngozi ya juu iliyofifia, inabaki shaba mbichi ya pinki inang'aa kweli. Sasa shaba mbichi ndo inashika madoa haraka kuliko ile iliyokwisha kupata rangi yake, na ile chumvi uliyosugulia ikibaki hata chembe kwenye kona, na vikombe vyetu kona yake ni hilo hilo pindo, unyevu ukiigusa unapata kijani kuliko ya mwanzo. Bibi alikuwa anaosha sinia kwa maji mengi na sinia halina pindo la kuficha chumvi. Na kama vikombe ni vya brasi, ile ya njano, ndimu ukiiacha muda inatoa zinki inaacha madoa mekundu mekundu ambayo hayasuguliki yakatoka.

Hiyo kijani ya unga inayorudi ndo yenyewe, ni chumvi ipo kazini humo ndani, usidhani ni uchafu. Ukifuta unga umeondoa matokeo, chanzo umekiacha. Imetoka wapi? Upepo wa Coco umebeba, na jasho la vidole vyako limeongezea. Mwanamazingaombwe ambaye hatoki jasho simjui.

Dawa yake ni hivi. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo kidogo, chukua mswaki laini wa mtoto, zunguka pindo lote nje na ndani polepole, nywele za mswaki ziingie kwenye kona. Kama kijani ni kigumu chukua soda ya kuokea changanya na maji iwe uji mzito, paka pale tu, acha kidogo, piga mswaki tena. Alafu suuza, na hapa sikilizeni watu wa Dar, usisuuze mwisho na maji ya kisima. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, chai tu ukipika unaisikia, sasa utakuwa umetoa chumvi ya bahari unaweka ya kisima. Suuza mwisho na maji ya kunywa ya chupa au ya mvua. Kausha hapo hapo na kitambaa cha pamba, alafu viinamishe mbele ya feni mpaka kona ikauke kabisa, usiache vijikaushe vyenyewe.

Vikishakauka paka waksi, ile ngumu ya gari ya kopo, isiwe na unga wa kusugulia ndani yake, soma kopo. Kidogo sana kwenye kitambaa, paka nje na kwenye pindo, ikifanya ukungu ifute. Ndani ya kikombe usipake. Hiyo waksi inazuia hewa ya chumvi isiguse shaba moja kwa moja, ikiisha unarudia.

Na kabla ya yote hayo angalia kama vilikuja na vanishi. Kama kahawia ipo pale tu unaposhika na kwingine bado kunang'aa kama kipya, basi kuna vanishi imelika sehemu za vidole, hapo ni asetoni kwanza kuitoa yote ndo uendelee, maana chini ya vanishi iliyopasuka jasho linaingia na huwezi kulifikia.

Kiinimacho_Sinza

Shikamoo mzee wetu, nashukuru sana. Vimekuwa kahawia sawasawa kila mahali kwahiyo nadhani havina vanishi. Ila sijasikia ukisema nivirudishe kung'aa, na Brasso je? Nina kopo hapa.

Mzee_GaliGali

Brasso ni unga wa kusugulia uliochanganywa na amonia na mafuta, inang'arisha kwa kukwangua. Kwenye shaba tupu ukifanya mara moja moja hufi, ila kila ukisugua kuna shaba imebaki kwenye kitambaa, ndo ule weusi unaouona. Kwa mwenye vikombe vilivyochovywa fedha asithubutu, ile fedha ni nyembamba sana, utafurahi leo mwakani unaona njano inachungulia. Msasa, stilwulu, majivu na dawa ya meno navyo viweke mbali.

Ila swali la kung'aa mi nina msimamo wangu na najua nitapingwa. Vyangu havijawahi kuona polishi, vina rangi ya kahawa ya kukaanga na navipenda hivyo. Kikombe kikiwa kioo kinaakisi. Mtoto aliyekaa chini pembeni yako anaona kwenye ubavu wa kikombe kitu ambacho mama yake aliyesimama mbele hakioni. Nyie mliozoea kazi mmenielewa.

Posta_Close_Up

Napinga kwa heshima zote mzee. Ukifanya mtaani sawa, rangi ya kahawa ina hadhi yake. Ila mi nafanya kwenye hafla za hoteli na harusi, mteja kavaa suti ya milioni, naweka mezani vikombe vyenye madoa anadhani nimevitoa jalalani. Kwangu vinang'aa, na hilo la kuakisi nalimaliza kwa mahali ninaposimama na taa iko upande gani. Nasugua na polishi ya krimu ile laini ya fedha kila kabla ya kazi kubwa, dakika chache, alafu naosha na sabuni ili polishi isibaki kwenye pindo ikawa nyeupe nyeupe. Shaba inapungua kweli ila kikombe kizito kitanizika mimi.

Mzee_GaliGali

Sawa, we una taa. Sisi tuna jua la saa tisa na mwembe.

Mbagala_Kweli

Samahani wakuu nimepita tu, hivi hii si ndo ile ya stendi jamaa wanaficha kigololi chini ya vifuniko unaweka elfu kumi unaliwa? Au ni mambo ya kishirikina? Maana nimesoma hapa mnaosha vikombe kwa maji ya mvua nikashtuka 😅

Kiinimacho_Sinza

😂😂 Maji ya mvua hayana chumvi ndo maana tu. Ushirikina hamna, ni vidole na mazoezi. Na ile ya stendi ni wizi, pale lengo ni hela yako na wale wanaoshinda ni wenzao. Huku hakuna anayeweka hela kubahatisha, unaangalia unacheka ukipenda unatoa. Ila swali lako ni la msingi maana hata polisi wakiona vikombe vitatu vimeinamishwa mezani wanakuja na sura hiyo hiyo, mi huwa naanza na kamba au kitambaa watu wakishacheka ndo natoa vikombe.

Fundi_Bodi_Gerezani

Mi mazingaombwe sijui, nanyoosha bodi za magari huku Gerezani, ila shaba naijua maana wauza kahawa wananiletea madele yao yaliyobonyea. Ngoja nijibu la mdomo.

Kwanza usikimbilie nyundo. Tafuta kioo, kipande cha dirisha kinatosha, hakikisha kimelala sawa. Inamisha kikombe juu yake. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, zungusha ukijaribu kukipenyeza chini ya mdomo. Pale inapopita pana nafasi, weka alama kwa penseli. Alafu pima upana wa mdomo na venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, huku na huku kama msalaba. Hapo utajua una ugonjwa gani. Kama karatasi haipiti popote ila vipimo viwili vinatofautiana basi mdomo umekuwa yai na haukubonyea, na yai unalirudisha kwa mikono tu, shika upande mrefu kwa viganja viwili bana kidogo, achia, pima, bana tena. Shaba ina tabia ya kurudi nyuma kidogo kwahiyo unaivusha kidogo kuliko unapotaka iishie. Taratibu. Ukibana kwa hasira unapata yai la upande mwingine.

Kama karatasi inapita mahali pamoja basi pindo limebonyea kweli, hapo unahitaji kalibu, yaani umbo gumu la kuingiza ndani. Nenda Keko kwa mafundi samani wanaokereza miguu ya vitanda, mpe kikombe kizima kilichobaki sio kibovu, akukereze gogo linaloingia ndani likagusa kuta zote, mninga au mvule, mti laini hautafaa maana utabonyea wenyewe. Gogo unalivika ngozi laini, unaliingiza kwenye kikombe kibovu kwa kusukuma na kuzungusha, lenyewe linasukuma shaba nje. Ikibaki kidogo unagonga kwa nje pembeni ya kibonde na nyundo ya mpira, vigongo vidogo vidogo. Usigonge chuma kwa chuma hata siku moja, shaba ikibanwa kati ya chuma viwili inatanuka inakuwa pana, na ikishatanuka hairudi, hapo mdomo unakuwa na wimbi.

Na mtu asikwambie upashe moto ili ilainike. Italainika kweli na haitarudi kuwa ngumu. Hivyo vikombe vimekerezwa na kusukumwa kwenye mashine vikiwa baridi, ugumu wake umetoka hapo. Ukivichoma unabaki na kikombe cha kubonyea kwa kidole gumba, na mlio unakufa pia.

Posta_Close_Up

Fundi umetisha, hiyo ya karatasi naichukua.

Naongezea, kikombe kikikwama ndani ya kingine usivute kwa kupindapinda, ndo watu wanavyoharibu midomo. Weka barafu kwenye kikombe cha ndani, kile cha nje kitumbukize kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono. Cha ndani kinasinyaa cha nje kinatanuka, kinatoka chenyewe.

Da_Kroshia

Nimeitwa na mdogo wangu nije kujibu la vimpira, mi ndo namfumia yeye na wenzake wawili.

Kaka weusi huo sio uchafu wa kawaida, ni shaba. Kila kimpira kinapokaa ndani ya kikombe na kusuguana kinachukua ile rangi nyeusi ya shaba, ukichanganya na mafuta ya vidole vya watoto waliotoka kula pilau basi. Usitumie jiki, usitumie sabuni ya unga, na mashine ndo kabisa usiiwazie. Chukua bakuli la maji baridi weka shampuu kidogo, tumbukiza uvibonyeze bonyeze kwenye viganja, usikamue kwa kusokota maana uzi unahama na kimpira kinapata pembe. Kabla ya hapo jaribu na kitambaa cheupe chenye maji, kandamiza kwenye kimpira, kikitoka chekundu ujue rangi inachuja, hapo osha haraka haraka kimoja kimoja.

Ukimaliza vifunge kwenye taulo kandamiza taulo linyonye maji, alafu kila kimoja kizungushe kati ya viganja kama unaviringisha donge la kashata mpaka kirudi duara. Kausha kivulini penye upepo. Juani rangi nyekundu inapauka upande mmoja na watu wanaanza kukitofautisha kimpira na mwenzake, kitu ambacho nimeambiwa ni kibaya. Ndani kuna kizibo na kizibo kinakauka polepole kuliko uzi, kwahiyo nje ukigusa utaona tayari kumbe ndani bado, ukikirudisha kwenye kikombe hapo ndo kijani yako inapata maji. Acha mpaka siku inayofuata na ikiwa masika acha zaidi.

Kama unafumiwa vipya omba uzi wa pamba. Sufu inashika vizuri mkononi lakini kabatini nondo wanaila, na ukiweka naftalini kimpira kinanuka mpaka mtoto anakunja uso. Alafu agiza vingi kwa mpigo, uzi mmoja mkono mmoja kulabu moja, maana hata mimi nikifuma leo na nikafuma mwezi ujao ukubwa unapishana kidogo na rangi ya dukani nayo inakuja tofauti. Wengi wanataka kipenyo cha inchi moja hivi, milimita 25. Wateja wangu bwana wote wanaagiza zaidi ya vitatu wakati nikiwaangalia wanacheza na vitatu tu, nikiuliza wanacheka 🤔

Mzee_GaliGali

Da Kroshia, mwanangu, hapo mwisho ungeishia kwenye milimita 25.

Da_Kroshia

😂😂 jamani kwani nimesema nini? vinapotea si ndio?

Mzee_GaliGali

Vinapotea, ndio, vinapotea sana. Tuache hapo hapo.

Sio kwamba nina roho mbaya. Kuna Mrumi anaitwa Seneca, karne ya kwanza huko, kwenye barua kwa rafiki yake kavitaja hivi hivi vikombe na vijiwe vya watu wa kiini macho, anasema kudanganywa kwenyewe ndo kunamfurahisha, ukimwonyesha inavyofanyika hana haja nayo tena. Miaka karibu elfu mbili na bado tunakula kwa mchezo huo huo, sasa tusiufungue humu kila mtu anasoma.

Bajaji_Magic

Mi nataka kuuliza la kuhifadhi maana mwenye mada kauliza na limepitwa. Pia nataka kuanza kutoa vifaranga chini ya vikombe mwishoni mwa onyesho badala ya malimau, watoto watapagawa. Nimesikia Wamisri wanafanya.

Mzee_GaliGali

Jina langu la humu limetoka huko. Gali-gali walikuwa Wamisri wa Port Said, enzi za meli za abiria, meli ikisubiri kupita mfereji wa Suez wanapanda na vikombe vyao na vifaranga kwenye kanzu, wanafanya hapo hapo kwenye sitaha. Abiria waliokwenda na kurudi Ulaya kwa meli kupitia huko waliwajua.

Lakini kijana, kifaranga chini ya kikombe cha shaba kwenye joto la Dar ni mateso, na kinyesi chake kina vitu vya kuzalisha amonia, amonia na shaba au brasi ni maadui. Kikijisaidia ndani na we hujaona mpaka jioni, doa lile hulitoi. Baki na matunda.

Na matunda yenyewe yana adabu yake. Dai Vernon, yule mwanamazingaombwe wa Kanada aliyekufa 1992, wengi tunafuata nyayo za mpangilio wake, na tangu hapo kila mtu anamalizia na limau. Limau zima halina shida, lililominywa au lenye jeraha linatoa maji na asidi inabaki kwenye ukuta wa ndani mpaka utakapokumbuka. Osha, kausha, kagua ganda, na ukimaliza onyesho futa ndani ya vikombe kabla hujapanga begi. Chagua yanayoingia bila kubana. Chungwa la kubana litakuaibisha mbele za watu alafu likukwaruzie vikombe juu yake.

Posta_Close_Up

Kuhifadhi nitasema mimi. Adui wa kwanza ni vikombe kugusana, shaba kwa shaba ndani ya begi linalotikisika ndo mikwaruzo yote. Weka kitambaa kati ya kila kimoja, kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika ni nzuri kuliko mahameli ya dukani. Usifunge na rababendi, mpira una salfa inaacha mstari mweusi, na kwa wenye vya fedha hata kitambaa cha sufu kinafifisha kwa sababu hiyo hiyo. Magazeti usitumie. Sponji ile ya njano inayokuja kwenye maboksi kwa hali ya hewa yetu baada ya muda inaoza inakuwa nta nta inanata kwenye shaba, ikianza kumeguka tupa.

Mifuko ya vikombe ya nje ni mizuri na inaleta heshima mezani. Tommy Wonder, yule Mholanzi, mpaka mfuko wenyewe alikuwa anaufanya sehemu ya mchezo, unauona umewekwa pembeni kumbe unakuja kutokea chini ya kikombe. Ila mfuko haumzuii mtu kukalia begi lako.

Kigamboni_Juggler

Chukua hotpoti ndogo ya chakula, ile ngumu yenye mfuniko wa kuzungusha. Vikombe vitatu vilivyopangana na kanga katikati vinaingia, nafasi inayobaki unajaza na vimpira kwenye mfuko wake na vipakti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nakaa ng'ambo navuka na pantoni kila siku, watu wanasukumana, bodaboda, bajaji, vikombe viko ndani havijui kitu. Faida nyingine, mwizi akiona hotpoti anadhani ni wali maharage.

Asiye na hotpoti ndoo ya rangi ya lita 4 iliyooshwa na kukaushwa vizuri nayo ni ngumu. Ila chochote kinachofunga kabisa usiweke vikombe vikiwa na jasho, utakuwa umewafungia na unyevu wao humo humo. Futa kwanza, acha vipoe, ndo ufunge. Na vile vipakti vikishashiba havifanyi kazi, vibadilishe, usiviache miaka ukidhani vinakulinda.

Bajaji_Magic

Hotpoti 😂😂 naifanyia kazi kesho. Mi vyangu ni vya plastiki lakini, kuna haja ya yote haya?

Kigamboni_Juggler

Plastiki haishiki kutu ila jua linaimaliza. Usiache kwenye bajaji mchana, inakuwa kavu inapasuka mdomoni. Na usiionee aibu, Penn na Teller, wale wanamazingaombwe wawili wa Marekani, wanafanya na vikombe vya plastiki angavu unaona mpaka ndani na bado watu wanabaki midomo wazi. Kazi iko mkononi.

La mchanga pia mmelisahau, hili ni la Coco haswa. Upepo unaleta mchanga mezani, unaingia kwenye kitambaa cha meza. Ukichukua kitambaa hicho hicho ukafuta vikombe umevipiga msasa. Kung'uta kitambaa cha meza upande mwingine, vikombe vipulize au vimwagie maji safi kwanza ndo ufute, na kitambaa cha kufutia kiwe na mfuko wake. Meza iwe na kitu laini chenye unene kidogo chini ya kitambaa, vikombe vikitua kwenye mbao tupu au sementi mara mia ndo pindo linapoanza kuchoka bila we kujua.

Posta_Close_Up

Na ukiwapa watazamaji wakague, toa kimoja kimoja, mpe mtu mzima. Ukimpa mtu viwili lazima avigonganishe, sijui kwanini, hata awe daktari, akishika vikombe viwili vya shaba anavigonganisha kama matoazi.

Kiinimacho_Sinza

Wakuu mmenimaliza, sikutegemea majibu haya. Mrejesho kidogo: nimefanya ya mswaki na soda jana usiku nikasuuza na maji ya chupa, pindo limetoka safi, kijani hamna mpaka sasa ila nasubiri wiki ipite ndo niamini. Waksi napaka kesho. Nimeamua kubaki na rangi ya kahawa, samahani Posta.

Kile kibovu nimekijaribu na karatasi juu ya kioo cha meza. Inapita sehemu moja, kama upana wa vidole viwili, na hapo hapo ndipo kinapokwama kikiingia kwenye mwenzake. Kwahiyo ni kubonyea kweli sio yai, au siyo fundi? Na hilo gogo nikishalipata Keko naweza kuja nalo kwako unifanyie we mwenyewe? Naogopa mkono wangu.

Da Kroshia naomba vimpira vinane vyekundu vya pamba, nakuja inbox.

Da_Kroshia

Vinane. Siulizi 🤐

Fundi_Bodi_Gerezani

Ni kubonyea, ndio. Karatasi kupita sehemu moja na kukwama hapo hapo ni jambo moja.

Gogo mwambie akuache na kishikio upande mpana, kama cha mchi, bila hicho hatutakuwa na pa kushika wakati wa kulizungusha. Alipige msasa mpaka liteleze, asipake vanishi wala rangi. Njoo Jumamosi asubuhi kabla magari hayajajaa, mchana sina mkono wa kugonga polepole. Na uje na vikombe vyote vitatu, kimoja peke yake hakiwezi kunionyesha kinakwama wapi.